Wasomaji Wanauliza: Mafuta Ndani ya Ukuta wa Mshipa

Barua za mwezi huu nyingi zimeegemea jambo moja: lehemu, au kolesteroli kama maabara zinavyoandika, na mishipa inayokakamaa. Baadhi ya maswali yalifanana, kwa hiyo tumeyaunganisha.

Habari za kazi, daktari. Nina miaka 54. Nimepima nikaambiwa lehemu iko juu na mafuta yameanza kuganda kwenye mishipa. Jirani ananihimiza ninywe maji ya moto yenye ndimu na kitunguu saumu kila alfajiri ili yayeyuke. Je, yatayeyuka? Na yanagandaje, wakati mwili una joto? (Msomaji, Tanga)

Mama, hayatayeyuka. Lehemu safi huyeyuka kwenye nyuzijoto 148 hivi, na damu yako inabaki kwenye 37 hata ukinywa maji yaliyotoka motoni sasa hivi. Ndimu nayo ikishuka tumboni hukutana na asidi kali kuliko yake, wala uchachu wake haufiki kwenye mishipa, kwa sababu mwili huilinda damu ibaki kati ya pH 7.35 na 7.45. Kama unapenda ladha yake endelea kunywa, ila usiiache ikachukua nafasi ya dawa.

Wengi wetu tunafikiria bomba la sinki la jikoni lililoziba kwa mafuta ya kukaangia. Mshipa hauzibi hivyo. Mafuta yanayodhuru hayakai kwenye njia inakopita damu. Yamo ndani ya ukuta wenyewe.

Ukuta wa ateri, yaani mshipa unaotoa damu moyoni, una tabaka tatu. Tabaka la ndani limefunikwa na safu moja tu ya seli, ndiyo inayogusana na damu. La kati ni la misuli na nyuzi zinazovutika. La nje linashikilia mshipa mahali pake. Sasa, lehemu haiwezi kuelea peke yake damuni kwa kuwa mafuta na maji hayachanganyiki, hivyo husafirishwa ndani ya chembe zilizofungwa kwa protini. Chembe inayotuhusu hapa inaitwa LDL. Ni ndogo mno: panga 40,000 hivi kwa mstari ndipo utimize milimita moja. Kwa udogo huo hupenya ile safu ya seli na kuingia tabaka la ndani, usiku na mchana, kwa kila binadamu. Nyingi hutoka tena. Baadhi hunaswa na nyuzi zilizomo ukutani, zenye chaji hasi, zinazong'ang'ania ile protini iliyoifunga LDL. LDL ikiwa nyingi damuni, zinazonaswa huwa nyingi pia.

Chembe iliyonaswa huharibika na kugandamana na nyingine. Mwili huiona kama uchafu, hutuma seli nyeupe ziile. Seli hizo hula bila kikomo mpaka zinajaa matone ya mafuta, na chini ya hadubini huonekana kama povu tupu, ndiyo maana huitwa seli za povu. Zikirundikana, mtu akipasua mshipa anaiona michirizi ya manjano kwa macho yake. Zikifa, mafuta humwagika palepale na kuacha kiini laini chenye fuwele za lehemu. Seli za misuli kutoka tabaka la kati huhamia juu ya kiini hicho na kukifumia kifuniko cha nyuzi, na miaka ikisonga kalsiamu hutua humo. Mkusanyiko huo wa mafuta, nyuzi na kalsiamu ndio plaki, na ugumu wake ndio uliofanya uambiwe mafuta yameanza kuganda.

Haya huanza mapema kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1953 madaktari wa Marekani walichapisha uchunguzi wa maiti za askari 300 waliofia vita vya Korea. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 22, na asilimia 77 walikutwa na ugonjwa huu kwa kiwango fulani katika mishipa ya moyo. Kuhusu lehemu yenyewe, ushahidi wa kwanza mzito ulitoka St Petersburg mwaka 1913: Nikolai Anitschkow aliwalisha sungura lehemu iliyoyeyushwa katika mafuta ya alizeti, ateri zao zikaota mafuta, waliopewa mafuta ya alizeti matupu hawakupata kitu.

Kwa hiyo piga hesabu ya mambo mawili: LDL yako ni kiasi gani, na ukuta umeishi nayo kwa miaka mingapi. Miaka 54 huirudishi. Kiasi unaweza kukishusha kuanzia mwezi huu, na majibu yanayofuata yanaeleza jinsi.

Shikamoo daktari. Nasomea uuguzi. Damu ni ile ile mwilini kote, mbona plaki hukaa kwenye ateri na si kwenye vena? (Mwanafunzi, Dodoma)

Marahaba. Ni presha. Vena, zinazorudisha damu moyoni, zinapokea damu kwa msukumo mdogo, LDL haisukumwi ukutani kwa nguvu. Uthibitisho mzuri uko kwenye upasuaji wa moyo: vena ya mguuni ikichukuliwa na kuunganishwa moyoni ifanye kazi ya ateri, huota plaki, mara nyingi ndani ya miaka michache. Ni vena ile ile, imebadilishiwa presha tu.

Angalia pia mahali. Plaki hupenda penye njia panda na kona: shingoni pale ateri inapogawanyika kwenda ubongoni na usoni, mwanzo wa mishipa ya moyo, na aota, ateri kuu ya mwili, chini ya figo. Hapo damu huzunguka badala ya kwenda moja kwa moja, na safu ya seli za ndani hulegea ikapitisha zaidi. Sigara, sukari nyingi damuni na presha ya juu huidhoofisha safu hiyo hiyo. Ndiyo maana mtu mwenye LDL ya wastani anayevuta sigara anaweza kumtangulia mwenzake mwenye LDL kubwa asiyevuta.

Nina miaka 47, navuta sigara kama kumi kwa siku, presha 150/95. Majibu ya maabara: lehemu jumla 6.2, HDL 1.1, trigliseraidi 1.9. LDL hawakuandika. Mwenzangu ana majibu yenye namba kubwa kama 190, tumeshindwa kulinganisha. (Msomaji, Nakuru)

Namba zako ziko kwa milimoli kwa lita, za mwenzako kwa miligramu kwa desilita. Kwa lehemu, zidisha za kwako kwa 38.67. Kwa trigliseraidi, aina nyingine ya mafuta ya damuni, zidisha kwa 88.6, si 38.67, hapo wengi hukosea.

LDL unaweza kuipata mwenyewe. Gawanya trigliseraidi kwa 2.2, kisha toa jibu hilo pamoja na HDL (lehemu iliyo kwenye chembe zinazoirudisha ini) kutoka kwenye lehemu jumla. Kwako: 1.9 ÷ 2.2 ni 0.86, 6.2 − 1.1 − 0.86 inakuja 4.24, sawa na 164 kwa vipimo vya mwenzako. Kanuni hii haifai kama trigliseraidi imezidi 4.5, hapo LDL inabidi ipimwe moja kwa moja. Tena kuna hesabu rahisi zaidi, nasi tunaipenda: jumla kasoro HDL. Kwako ni 5.1. Namba hiyo inakusanya chembe zote zinazoweza kunasa ukutani, na haiharibiki hata kama ulikula kabla ya kupima.

Usidanganywe na safu ya "kawaida" iliyoandikwa pembeni ya karatasi. Safu hiyo haijui kama unavuta sigara. Miongozo ya Ulaya inampa mtu mwenye hatari ndogo lengo la LDL chini ya 3.0, wa hatari ya kati 2.6, mwenye hatari kubwa 1.8, na aliyekwisha kupata shambulio la moyo au kiharusi kutokana na mishipa hii 1.4. Sigara pamoja na presha hiyo vinakuondoa kwenye kundi la kwanza. Umwone daktari kwa yote matatu, na sigara uiache leo bila kusubiri miadi.

Kabla hujaamini jibu lolote, jiulize ulipima lini. Ukipima ukiwa na malaria au homa nyingine kali, LDL hushuka kwa muda na kukupa faraja ya uongo. Subiri wiki kadhaa baada ya kupona. Mimba huipandisha. Tezi ya shingo ikifanya kazi pungufu huipandisha vilevile, kwa hiyo LDL kubwa isiyoeleweka inadai kipimo cha tezi. Na ikifika 4.9 au zaidi, hasa kama kuna ndugu aliyepata shambulio la moyo kabla ya miaka 55, fikiria ugonjwa wa kurithi: ini halina vipokezi vya kutosha vya kuiondoa LDL damuni. Huwapata watu wanene na wembamba sawasawa, takriban mmoja kati ya 250 hadi 300. Minya kano nene iliyo nyuma ya kisigino. Ikiwa imevimba kwa vinundu vigumu, mwambie daktari, na watoto wako wapimwe.

Wamasai wanaishi kwa maziwa, nyama na damu, na moyo hauwasumbui. Hilo halithibitishi kuwa mafuta hayana hatia? (Msomaji, Arusha)

Swali hili lilichunguzwa hukohuko kwenu. George Mann na wenzake kutoka Marekani walifanya kazi kati ya Wamasai wa Tanganyika miaka ya 1960. Walikuta lehemu ya damu iko chini, na ugonjwa wa moyo ni nadra. Lakini mwaka 1972 walichapisha sehemu ambayo watu husahau kuitaja: walipochunguza mioyo na aota za wanaume 50 waliofariki, waliona kuta zenye mafuta na nyuzi, na mishipa ya moyo ilikuwa imenenepa ukutani sawa na ya wazee wa Kimarekani. Kilichowaokoa ni kwamba mishipa ilikuwa imepanuka kwa ukubwa, njia ya damu ikabaki wazi, na plaki zilizopasuka zilikuwa chache sana.

Watafiti hao waliupa mwendo mrefu wa kila siku nafasi kubwa katika maelezo yao, nasi tunaona inaelekea kweli. Lakini huwezi kuchukua nyama ya Mmasai ukaacha kilomita zake. Anayekula nyama choma na chipsi kisha akakaa kwenye gari na ofisini siku nzima asijitetee kwa utafiti huu.

Hapa kwetu hakuna pishi bila nazi. Dada yangu yuko Kigoma, yeye ni mawese. Tule nini jamani? Na mayai? (Msomaji, Unguja)

Mafuta yanayopandisha LDL zaidi ni yale yaliyoshiba, kwa kuwa hupunguza vipokezi vya ini vinavyoiondoa damuni. Kwa mtu anayekula kalori 2,000 kwa siku, kikomo cha mafuta yaliyoshiba, asilimia 10 ya kalori, ni gramu 22. Mwenye LDL ya juu alenge 15. Sasa pima yaliyoshiba kwa kijiko kikubwa kimoja: mafuta ya nazi gramu 11, samli 8, mawese karibu 7, alizeti 1.4. Mawese yana rangi nzuri na vitamini A yake, hilo hatulipingi, lakini nusu ya mafuta yake ni yaliyoshiba.

Tui zito la kopo hubeba gramu 40 hivi kwa kikombe. Sufuria ya mchuzi wa watu watano ikipikwa kwa kikombe hicho, kila mmoja amekula 8, bado wali wa nazi haujaja mezani. Hapo ndipo watu wa pwani mnapojikwaa: nazi kwenye wali, nazi kwenye samaki, nazi kwenye maharage, mlo mmoja. Acha nazi kwenye chungu kimoja tu cha siku. Kama ni samaki wa kupaka, wali uwe mweupe. Tui la pili na la tatu lina mafuta kidogo kuliko la kwanza, litumie kupikia na la kwanza liwe la kumalizia kwa vijiko viwili vitatu.

Yai moja lina miligramu 185 hivi za lehemu, zote kwenye kiini. Kwa wengi, lehemu ya kula hupandisha ile ya damu kidogo kuliko mafuta yaliyoshiba, kwa hiyo yai moja kwa siku halitishi kama umelichemsha. Mafuta magumu ya kukaangia na siagi za bandia zilizotiwa haidrojeni kwa sehemu ni jambo jingine: hupandisha LDL na kushusha HDL kwa pamoja. Hayo yaacheni kabisa. Maharage, kunde, bamia na shayiri zina nyuzinyuzi zinazoyeyuka. Gramu 5 hadi 10 kwa siku hushusha LDL kwa asilimia 5 hivi.

Tuseme ukweli wote: chakula peke yake kikifuatwa vizuri huishusha LDL kwa asilimia 10 hadi 15. Wa 3.4 anaweza kutosheka nacho. Wa 5 hatafika kwa bamia.

Nilipewa atorvastatini miligramu 20. LDL ikatoka 4.4 ikafika 2.5, nikaacha kwa kuwa nimepona, pia mapaja yalikuwa yakiuma. Nimekosea? (Msomaji, Dar es Salaam)

Hiyo 2.5 ilikuwa kazi ya dawa. Ukiiacha LDL hurudi ilikotoka ndani ya wiki chache. Statini, kundi la dawa yako, hupunguza lehemu inayotengenezwa na ini, ini likaongeza vipokezi na kuvuta LDL kutoka damuni. Kila milimoli moja inayoshuka hupunguza mashambulio ya moyo na kiharusi kwa takriban asilimia 22.

Je, plaki huondoka? Kidogo. Katika utafiti uliotolewa mwaka 2006, wagonjwa walitumia rosuvastatini miligramu 40 kwa miaka miwili, LDL ikashuka mpaka karibu 1.6, na sehemu ya ukuta iliyoshikwa na plaki ikapungua kwa asilimia moja tu. Faida kubwa iko kwingine: mafuta ya kiini hupungua, kifuniko cha nyuzi hunenepa, na plaki ngumu iliyotulia haipasuki kirahisi. Ugumu huo ni afadhali kuliko ulaini.

Kuhusu mapaja: maumivu ya kweli ya statini hushika pande zote mbili, mapaja, mabega au ndama za miguu, na huanza wiki za mwanzo au baada ya dozi kuongezwa. Mwaka 2020 Waingereza waliwapa watu 60 waliokuwa wameacha dawa hii miezi ya statini na miezi ya vidonge vitupu bila wao kujua kipi ni kipi. Asilimia 90 ya usumbufu walioupata kwa statini waliupata na kwa vidonge vitupu. Maumivu yao hayakuwa ya kubuni, ila mara nyingi dawa haikuwa chanzo. Rudi kliniki, pimwa kimeng'enya cha misuli kiitwacho CK. Kama kimezidi mara kumi ya kikomo, au mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi, dawa isimame na uende hospitali siku hiyohiyo. Kama si hivyo, kawaida ni kupumzika wiki 2 hadi 4, kisha kuanza na dozi ndogo au statini nyingine. LDL ipimwe tena baada ya wiki 6 hadi 12. Usiombe dozi iongezwe maradufu ukitarajia makubwa: kila kuongeza maradufu hushusha LDL kwa asilimia 6 hivi tu zaidi.

Maonyo matatu ya duka la dawa. Simvastatini, statini nyingine, isizidi miligramu 20 kwa anayemeza amlodipini ya presha. Isimezwe kabisa pamoja na klarithromaisini, dawa ya kuua bakteria. Na anayetumia dawa za VVU zenye ritonaviri asipewe simvastatini; amwambie daktari dawa zake zote hata kama inamwia vigumu. Dolutegraviri, dawa nyingine ya VVU, haina ugomvi huo. Mjamzito au anayepanga mimba aseme mapema.

Baba yangu ana miaka 76, presha 172/68. Ya juu imepaa, ya chini iko chini. Ni mafuta? Pia akitembea mita mia ndama inambana, akisimama inaacha. (Msomaji, Bukoba)

Ni mambo mawili. Presha ya namna hiyo hutokana zaidi na tabaka la kati: nyuzi zinazovutika za aota huchakaa na umri na hazitengenezwi tena vya kutosha, kalsiamu hutua, aota ikashindwa kutanuka moyo unaposukuma. Mshipa umekakamaa bila mafuta kuhusika sana. Presha hiyo hutibiwa, lakini taratibu: apimwe pia akiwa amesimama, dakika ya 1 na ya 3, maana wazee huanguka.

Ndama inayobana ni mafuta ya ukutani kwenye ateri za mguu. Aombe kulinganishwa presha ya kifundo cha mguu na ya mkono. Kifundo kikiwa 120 na mkono 172, gawanya: 0.70. Chini ya 0.9 ni ugonjwa. Ikizidi 1.4, mara nyingi kwa wenye kisukari au figo, mshipa umekuwa mgumu hata haubinyiki, na namba hiyo isichukuliwe kuwa nzuri.

Nimefanyiwa ECG, wakasema moyo safi. Basi mishipa yangu ni mizima? (Msomaji, Kigoma)

ECG ya kulala kitandani inaonyesha umeme wa moyo wa dakika ile. Haioni ukuta wa mshipa. Mwaka 1987 Seymour Glagov na wenzake walionyesha kuwa mshipa wa moyo hujitanua kwa nje kadiri plaki inavyokua, na njia ya damu haianzi kubanwa mpaka plaki imeshika asilimia 40 hivi ya eneo lake. Maumivu ya kifua ya kupanda ngazi kwa kawaida huja njia ikishabanwa asilimia 70. Wakati huohuo, plaki ndogo yenye kiini kikubwa cha mafuta na kifuniko chembamba, chini ya milimita 0.065, inaweza kupasuka kwa mtu asiye na dalili yoyote. Mafuta yakigusana na damu, damu huganda juu yake ndani ya dakika chache. Ganda hilo ndilo linaloziba.

Kwa hiyo jua dalili. Kifua kinachobana zaidi ya dakika 15, maumivu yanayopanda taya au kushuka mkono, jasho baridi, kichefuchefu. Kwa wanawake na wenye kisukari inaweza kuwa pumzi kukata na uchovu wa ghafla tu. Tafuna aspirini miligramu 300, usiimeze nzima, isipokuwa kama una mzio nayo au unatokwa damu, kisha uende hospitali ukiwa umeketi, bila kuendesha gari mwenyewe. Lakini mdomo ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakikwama, aspirini isiguswe, kwa kuwa kiharusi kingine ni cha kuvuja damu na hakitambuliki mpaka kichwa kipigwe picha. Kwa yote mawili, andika saa dalili zilipoanza: dawa ya kuyeyusha ganda hutolewa ndani ya saa 12 kwa moyo, na 4.5 tu kwa kiharusi.